Nasubiri Mkondo Utulie

Jumatatu, 3 Juni

Mtihani! Jumanne ijayo. Mwalimu wa chuo cha jioni ametangaza huku akifuta ubao, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mawingu. Mada ni mkondo wa umeme katika saketi, hali tulivu. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na dirisha, nikimtazama jirani wa chuo akihangaika kuingiza godoro mlangoni kwake. Mwishowe likaingia. Nilimfurahia sana. Kugeuka, ubao umejaa.

Nilichoambulia ni hiki. Ukiwasha swichi, umeme hauendi sawa mara moja. Kwanza kuna vurugu. Kapasita inajaza tumbo lake umeme, koili, ule waya uliosokotwa, inaleta ubishi. Halafu, baada ya muda mrefu, kila kitu kinatulia na mkondo haubadiliki tena. Mtahiniwa aseme mkondo huo ni kiasi gani. Maneno hayo, baada ya muda mrefu, mwalimu aliyarudia, nami nikayaandika na kuyapigia mstari. Mengine yalifutwa kabla sijayafikia.

Si jambo la mzaha. Mjomba ana duka la kutengeneza redio, feni na pasi. Mimi nakaa kaunta: napokea, naandika risiti, naomba wateja radhi. Meza ya ndani, yenye taa ya kuinama na chuma cha kulehemu, haina mtu tangu fundi mzee astaafu. Mjomba amesema atakayefanya vizuri kwenye mtihani ataikalia. Atakayeshindwa atasukuma mkokoteni wa kupelekea watu majokofu yao. Tunaosoma tuko wawili tu, mimi na binti wa shangazi yangu, ambaye wote tunamwita Miwani. Miwani huandika kila neno la mwalimu. Nadhani hata akikohoa anaandika.

Halafu kuna nyumbani. Mke wangu anajua kwamba meza ile nimeshaikalia tangu mwaka jana. Nilimwambia mwenyewe. Sikudanganya, niliitanguliza habari kidogo tu. Sasa Alhamisi mama mkwe anakuja kukaa nasi, na redio yake iliyokufa, ili mkwe wake fundi aitazame.

Lakini dawa nimeshaipata, tena nikiwa njiani kurudi. Hesabu za nini? Nitaunda saketi ya ubaoni nyumbani kwangu, niwashe, nisubiri muda mrefu, nisome jibu kwenye mita. Mtihani mzima umekwisha. Nashangaa wanafunzi wengine hawajafikiria hivyo.

Jumanne, 4 Juni

Vifaa vimepatikana. Dukani kuna sanduku la vitu vilivyokata roho. Nimetoa kapasita ya feni, koili ya redio iliyokanyagwa na gari, rezista ya kubana umeme na taa ndogo ya tochi. Miwani aliniuliza navitakia nini. Nikamwambia mapambo. Mita nayo nimeiazima, ile ya sindano, ila sikutaka kumchosha Mjomba kwa maelezo, maana alikuwa na kazi.

Betri ndizo zilizonitoa jasho. Moja nimetoa kwenye saa ya ukutani. Nyingine kwenye tochi ya mke wangu, nyingine kwenye rimoti. Nimezipanga mstari, nikazifunga kwa utepe. Hazilingani unene lakini zimekubaliana.

Saketi iko juu ya kabati katika chumba kidogo, ambacho hakuna anayelala. Betri, swichi, rezista. Kisha njia inagawanyika, huku kapasita, huku koili na taa. Nikabonyeza swichi. Taa ikawaka! Sindano ya mita ikaruka, ikasimama katikati na kutulia hapo.

Mpumbavu angeiandika namba hiyo palepale na kwenda zake. Mimi nimeambiwa muda mrefu. Nikafunga mlango taratibu.

Jumatano, 5 Juni

Saa imeleta balaa. Mke wangu hushonea nyumbani. Asubuhi aliitazama, akaona bado mapema, akaendelea kupinda pindo kwa raha zake. Mwenye gauni akatokea na kulikuta halina mkono mmoja. Yalisemwa maneno. Aliniuliza saa imepatwa na nini. Nikasema saa nazo huchoka, hasa za ukutani, kwa sababu hazipati nafasi ya kukaa. Akanitazama. Nikatazama ukuta. Kisha akarudi kwenye cherehani. Nimepona.

Taa inawaka vizuri. Nimeikagua kabla ya kazi, tena mchana nilipotoka dukani kwa kisingizio cha jino, na tena jioni. Sindano iko palepale katikati, haitikisiki hata kidogo. Nimeanza kuwa na wasiwasi. Huenda vurugu bado haijaanza.

Dukani Miwani anaimba. Ana kiwimbo chake cha kukariri: ng'oa kapasita, nyoosha koili, kisha gawa. Kutwa nzima. Nikamwuliza maana yake, kwa sauti ya mtu asiyejali. Akaeleza bila kuinua macho kwamba kapasita ikishajaa haipitishi kitu, kwa hiyo ihesabu kama waya uliokatwa. Koili ikishamaliza ubishi ni waya tu kama waya mwingine. Kinachobaki, gawa volti kwa ukinzani, umepata mkondo. Nikamwuliza huo muda mrefu ni muda gani hasa. Akasema kwa saketi ndogo kama zile ni kufumba na kufumbua, na akarudi kwenye wimbo.

Kufumba na kufumbua! Ananiona mimi mtoto. Mtu anayegombea meza moja na mimi anipe siri bure, tena anaimba? Nilimshukuru kwa heshima, nikaapa kimoyomoyo kufanya kinyume chake. Mvumilivu hula mbivu.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe amefika, na mizigo yake, na redio iliyofungwa ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Mke wangu amempa chumba kidogo. Chumba kidogo! Sikuulizwa. Nikibeba mizigo nilikuwa nafikiri haraka, na mimi nikifikiri haraka hukanyaga vitu. Nilikanyaga kikapu cha mayai.

Tazama msiba wenyewe. Kuihamisha saketi lazima niizime, na nikiizima muda mrefu unaanza upya. Nikiiacha, nitaisomaje? Mkwe mwenye adabu zake haingiiingii chumba cha mama mkwe kuchungulia juu ya kabati.

Aliiona taa hata kabla hajaketi. Akaniita mlangoni, akauliza ile ni nini. Ulimi wangu ukatoka kabla ya akili. Nikasema ni kidude cha kufukuza mbu, nimekitengeneza mwenyewe. Akakikazia macho kwa kitambo. Akasema kumbe kweli binti yake ameolewa na fundi.

Hapo nikapata wazo, mojawapo ya mawazo yangu bora mwaka huu. Nikamwomba kwa unyenyekevu wote asiiguse swichi, ila kila siku aniambie sindano imefika wapi, maana ndiyo inayoonyesha nguvu ya kufukuza. Akakubali mara moja. Alisema tangu astaafu kazi ya hospitali hakuna mtu aliyemwamini na kipimo chochote, wanamwambia apumzike tu, na kupumzika kwenyewe kunamchosha.

Basi sasa nina msaidizi. Nilishusha pumzi hadi kwenye nyayo. Mayai yamelipiwa kwa msamaha.

Ijumaa, 7 Juni

Redio ya mama mkwe imekwenda dukani chini ya koti langu. Nimeiandikia risiti kwa jina la mteja mmoja, nikaipenyeza katikati ya foleni, ili Mjomba na Miwani waitengeneze bila kujua ni ya nani. Kisha mimi niirudishe nyumbani nikiwa nafuta mikono. Mpango safi.

Miwani akaifungua. Akaifunga. Akasema redio hii haina ubovu wowote, betri ndizo zimekufa. Mwenyewe ameiacha ikilia siku nenda siku rudi bila kuizima, betri zikanyonyeka polepole, sauti ikafifia, mwisho kimya.

Nilicheka hadi nikaegemea kaunta. Mtu mzima na akili zake! Unawashaje kitu mchana na usiku, halafu utegemee betri ibaki nzima? Nikamwambia Miwani kuna watu hata uwaelimishe vipi. Miwani akasema nyani haoni kundule. Sijui alikusudia nini. Hakuna aliyekuwa akizungumza habari za nyani.

Nikatia betri mpya, nikarudi nayo nyumbani, nikafuta mikono mlangoni kama nilivyopanga. Redio ikasema. Mama mkwe akaongeza sauti, kisha akaenda ukutani kumwambia mama wa jirani kwamba mkwe wake ana mkono wa baraka. Mke wangu alisimama kwenye mlango wa jikoni akitabasamu, sijui kwa nini akaingia ndani haraka.

Ripoti ya leo kutoka chumba kidogo: sindano imeshuka. Si sana, lakini imeshuka. Hatimaye! Inaanza kutulia. Na Miwani alisema kufumba na kufumbua. Leo nalala bila shaka yoyote moyoni.

Jumamosi, 8 Juni

Sindano imeshuka tena. Taa imekuwa ya manjano, kisha ya rangi ya chungwa. Mama mkwe anaripoti vizuri sana, anasimama wima, anasema asubuhi imekuwa hivi, adhuhuri hivi. Akaongeza kwamba kuna mbu wawili wamemuuma kwenye kisigino. Nikamweleza kuwa kidude kikikaribia kukomaa hupumzika kidogo. Akasema hata yeye yuko hivyo.

Mke wangu alidondosha sindano ya cherehani chini ya kochi, akataka tochi. Tochi haina betri. Akauliza zimekwenda wapi. Nikasema huenda kuna mtu ameziazima. Mtu gani? Mtu mwenye shida, nikasema. Huo si uongo.

Wakati wa chakula mama mkwe akasema jambo lililonifanya nimeze tonge bila kutafuna. Jumatatu anataka kwenda dukani, akaione hiyo meza. Anataka kuniona kazini kabla hajarudi kwake. Mke wangu akasema ni wazo zuri, wataenda pamoja. Nikakohoa, wakanipa maji. Maji hayakusaidia. Yalikuwa yameshanifika shingoni.

Jumapili, 9 Juni

Sifuri!

Mama mkwe alinigongea nikiwa bado napiga mswaki. Alisema sindano imelala kabisa, na kidude kimezimika. Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema alipima joto la wagonjwa maisha yake yote, sifuri anaijua.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu. Nimeketi ukingoni mwa kitanda nikatafakari na kila nilipotazama niliona ukweli wake. Mvua hunyesha, mwisho inakatika. Mjomba hukasirika, mwisho ananyamaza. Chai hupoa. Baada ya muda mrefu, kila kitu hufika sifuri. Mkondo ni nani usifike? Mwalimu angesema hivyo tangu mwanzo tungemaliza masomo mapema na kupumzika. Namwonea huruma Miwani na kugawagawa kwake. Nilikuwa na nia ya kumdokezea, damu ni nzito. Nikakumbuka ile meza, nia ikatulia nayo.

Mtihani hauniumizi kichwa tena. Kinachoniumiza ni kesho. Wanakuja, na mimi sina meza. Nimejipanga hivi: Mjomba aondoke, Miwani akae kaunta, mimi nivae aproni ya fundi mzee na kukaa ndani kwa muda watakaokuwepo. Watatazama, watafurahi, wataondoka. Nani ataumia?

Jumatatu, 10 Juni

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi nilimwambia Mjomba kuna mteja upande wa pili wa mji, ana jokofu, anataka mwenye duka aje mwenyewe, hataki mwingine. Mjomba akachukua kofia akaenda. Nikamwomba Miwani anishikie kaunta, nami nitamfagilia duka. Akakubali bila kuuliza swali hata moja. Hilo lilipaswa kunishtua.

Nikavaa aproni. Nikaketi. Ah, ile meza! Kiti kinazunguka. Nikaweka redio moja mbele yangu, nikaifungua tumbo, nikashika chuma cha kulehemu. Wakaingia. Mama mkwe amevaa nguo yake ya kutokea. Mke wangu nyuma yake.

Nililehemu. Nililehemu sana. Niligusa huku, nikapuliza pale, nikakunja uso. Mama mkwe alisogea akasema ajabu, hata moshi hautoki. Nikasema huo ndio ustadi wenyewe, mafundi wabovu ndio wanaotoa moshi. Basi mke wangu akainama, akaokota kitu sakafuni na kukiinua taratibu. Plagi ya chuma cha kulehemu. Haikuwa imechomekwa popote.

Na Mjomba akaingia. Hakukuwa na mteja, hakukuwa na jokofu, na jua lilikuwa kali. Akaniuliza, mbele ya mke wangu na mama mkwe, nafanya nini na aproni ya watu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa hata na kona ya kujificha.

Nilisubiri kilio. Kikaja kicheko. Mke wangu alicheka hadi akaishika meza. Alisema alijua tangu wiki ile ile niliyomdanganya. Akipeleka nguo za wateja wake hupita mbele ya duka hili, na kila siku hunikuta kaunta, naandika risiti huku ulimi umetoka nje kidogo. Amezoea kupunguza mwendo anitazame. Nikamwuliza, kwa sauti iliyobaki, mbona hakusema. Akasema hakuolewa na meza. Kama ningetaka kumwambia ningemwambia, na anachodai yeye ni betri ya saa, basi.

Nikamgeukia mama mkwe. Naye alijua, aliambiwa hata kabla hajafunga mizigo. Na redio je? Akasema alijua ni betri. Ila alisikia mkwe wake hana raha siku hizi, akaona amletee kitu ambacho hawezi kushindwa.

Nilivua aproni. Nilihisi kama nimetua gunia nililobeba hadi nikasahau kwamba nimelibeba. Mwaka mzima nilikuwa naingia nyumbani kwa kunyata, nikiogopa swali moja, na swali lenyewe halikuwepo. Nililia kidogo. Nimesingizia vumbi la redio, na mama mkwe akasema kweli, vumbi la redio ni baya.

Mjomba hakuguswa. Alisema mtihani ni kesho, na mkokoteni ameshautia grisi.

Nimerudi na betri ya saa. Inatembea. Mke wangu aliisikiliza kisha akanitilia chai.

Jumanne, 11 Juni

Nimefanya mtihani. Nimeufanya kabla mwalimu hajamaliza kuketi.

Michoro kadhaa, yote ya betri, swichi, rezista, koili na kapasita, imepindishwa huku na huku ili kututisha. Chini ya kila mmoja swali lile lile: baada ya muda mrefu, mkondo utakuwa kiasi gani? Nikaandika sifuri. Wa pili, sifuri. Sifuri hadi chini. Nikapamba ya mwisho kidogo.

Nikasimama nikapeleka karatasi. Mwalimu aliitazama, akanitazama, akaniuliza kama sitaki kupitia tena. Nikamwambia muda umeshasema. Wenzangu walikuwa wameinama wakigawa. Miwani alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, bila shaka ni ule wimbo. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Yule jirani alikuwa ameanika godoro lake ukutani. Nilimpungia mkono.

Ila nikiwa pale ngazini, nikaanza kuuona mkokoteni. Magurudumu yake, mlima wa kwenda sokoni, jokofu mgongoni, na watu wanaonijua wakipita. Wazo baya likanijia: na kama Miwani hakuwa ananidanganya? Nililifukuza. Likarudi na wenzake.

Jumatano, 12 Juni

Nimefaulu!

Naiandika tena kwa kuwa hata mimi sijaizoea. Nimefaulu. Si kwa kishindo, nimepita kwa kujipenyeza kama lile godoro, lakini niko ndani.

Mwalimu alieleza mbele ya darasa. Alisema amechoka na wanafunzi wanaokariri bila kutazama mchoro, kwa hiyo aliwatega. Katika michoro mingi aliiweka kapasita katika njia pekee ya umeme. Kapasita ikijaa, njia imefungwa, hakuna njia nyingine, mkondo ni sifuri. Nusu ya darasa waliparamia kugawa kama vipofu. Michoro michache tu ndiyo iliyokuwa na njia ya koili, ambayo mkondo hupita, na hiyo ndiyo niliyokosa. Miwani amepata yote.

Kisha mwalimu akanijia, akanipa mkono. Alikiri hakunitegemea. Alisema kuziona zile njia zilizofungwa kwa kutazama tu, bila mstari mmoja wa hesabu, kunahitaji jicho. Nikamwambia kwa upole kwamba sikutazama, nilisubiri. Akatikisa kichwa akaondoka, nadhani kwa heshima.

Nikakaa kwenye dawati la mtu. Hakuna mkokoteni! Hakuna mlima wa sokoni! Njiani nilinunua mayai ya kulipa yale.

Mjomba alisoma matokeo mara mbili, tena akaipeleka karatasi dirishani kuona kama haijafutwafutwa. Meza ni ya Miwani, hilo halina ubishi. Lakini Miwani, na sitaweza kumwelewa kamwe, alisema meza ni ndefu, yeye anatumia upande wa taa tu, na anahitaji mtu wa kupima betri za wateja kabla vitu havijafunguliwa bure. Kwa hiyo nimepewa kona. Kona ya meza ya ndani! Kigoda hakizunguki, lakini ni kigoda changu. Jioni mke wangu alipita na nguo za wateja, akapunguza mwendo, akanikosa kaunta, akachungulia ndani. Nikampungia mita.

Ijumaa, 14 Juni

Kona inapendeza. Betri za watu ni za kusikitisha. Leo nimempa mzee mmoja somo zima kuhusu kuacha tochi ikiwaka, hadi Miwani akaweka chuma chini akanitazama.

Chuoni tumeanza mada mpya, umeme wa kwenda na kurudi, ule wa majumbani. Kuna mtihani mwingine mwisho wa muhula, na Mjomba amedokeza kuhusu kiti kinachozunguka. Sikupata maelezo yote, kwa sababu yule jirani alikuwa anatoa godoro, na kutoa ni kugumu kuliko kuingiza. Lakini nilichokisikia kinatosha. Mkondo unakwenda mbele, kisha unarudi nyuma, mbele, nyuma, hivyo hivyo. Sasa nauliza: kitu kinachokwenda na kurudi kimefika wapi? Hakijafika popote. Sifuri! Tena hii ni rahisi kuliko ile ya kwanza. Miwani alitaka kunieleza kitu kuhusu hilo, ameshatunga hata wimbo mpya. Nikamwambia asijisumbue, nina njia zangu.

Hata hivyo mtu makini huhakikisha. Saketi iko tena juu ya kabati, na betri zimepangwa. Ili mkondo uende na kurudi, lazima kuwe na mtu wa kuligeuza fungu la betri, kichwa huku, kichwa kule, bila kuchoka. Mama mkwe ameahirisha safari. Anasema hapa kwetu kuna kazi.

Mke wangu ameniuliza kutoka sebuleni kwa nini saa imesimama tena. Nimejifanya sijasikia.

Mama mkwe ameshakaa kwenye kiti mbele ya kabati, mikono ya sweta imekunjwa, betri mkononi. Ameniuliza mlangoni atageuza kwa muda gani. Nikamwambia kama ilivyo ubaoni. Muda mrefu.